Bwawa la Kipimo Chako

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikanyamaza kidogo kama nilivyozoea, nikisubiri marahaba yako ile ya kuvuta, ya mtu mwenye pini za kushonea mdomoni. Nyumba kimya. Basi nitachukulia kwamba umeitikia.

Nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki, pembeni ya bwawa. Nina habari zake, na nianze na mbaya: ilibaki kidogo tu lifukiwe. Ndiyo, lifukiwe kwa kifusi, lishindiliwe, juu yake vijengwe vyumba vya kupangisha. Usinikasirikie kwanza. Nitakueleza tangu mwanzo, maana nikirukia mwisho nitalia nishindwe kumaliza barua.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kuangalia mabwawa? Magoti yako yalishakataa ngazi, baada ya miaka yote ile ya kukanyaga cherehani pale Mtoni ukishona sare za shule, na daktari alikuambia utembee majini. Nilidhani utaomba nikupeleke ufukweni Kawe. Ukasema bahari haina adabu, inakusukuma bila hata kukuuliza hali. Ukataka maji yako mwenyewe, hapa Bunju, yatakayokaa pale ulipoyaweka. Yule kijana wa dukani akatuonyesha bwawa la kiwandani lililofanana na beseni kubwa la buluu, upande mmoja kina kifupi na upande wa pili kina cha kumfunika mtu, akasema wageni wako watapiga mbizi pale. Ukamtazama mpaka nikamwonea huruma. "Mwanangu, mie na magoti haya nipige mbizi niende wapi? Mie nataka bwawa la kutembea."

Kijana hakuwa na bwawa la kutembea.

Basi ukalikata mwenyewe. Fundi wa kuchimba alipouliza kina, hukumtajia namba. Ulivua ndala, ukasimama wima mchangani, ukatoa shingoni futi yako ya kushonea na kunipa ncha moja. "Nipime kama unanikatia dera. Kisiginoni mpaka kifuani, usinibane." Nikapima. Ukamwambia fundi maji yaishie hapo, na sakafu iwe sawa kotekote, asikufanyie ujanja wa kuchimba shimo upande mmoja. Vidato viwe vifupi, pembeni liwekwe bomba la kushikia. Fundi alicheka, lakini alilichimba kama ulivyotaka. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyeshonewa bwawa.

Na mtaa ukatucheka. Wakaliita josho, eti hata ng'ombe huingizwa kwenye la namna hiyo, aingie huku atokee kule. Mimi nilitaka kugombana na watu. Wewe ukasema, "Waambie ng'ombe mwenyewe ndiyo mie, na kupe wameshaanza kudondoka."

Lakini kwenye uzio hukutania. Hukukubali boza limwage hata tone la maji kabla uzio haujasimama na geti halijapata kufuli. Ulisema maji hayaulizi huyu mtoto wa nani. Ufunguo ukautunga kwenye uzi mweusi wa cherehani ukauvaa shingoni, pamoja na futi. Ninao mimi sasa. Uzi sijaubadilisha, bado unanukia manukato yako.

Nilidhani bwawa ni kujaza maji na kuingia. Kumbe lina kazi kama mtoto mchanga. Kisima chetu kina chumvi inayokula mabomba, kwa hiyo kila yanapopungua lazima boza lije. Mashine ya kuzungusha maji iwashwe, chujio lisafishwe, kuta zisuguliwe kwa brashi, na majani ya mwarobaini, ambao ulikataa katakata ukatwe, yaopolewe kwa wavu kila siku ya Mungu. Ulichota maji kwenye kile kichupa, ukadondoshea dawa ya kupimia, ukakiinua kwenye mwanga ukitazama rangi vilevile ulivyokuwa ukilinganisha uzi na kitambaa dukani. Na klorini ulitia jua likishazama tu, kwa sababu ulisema jua linaila dawa yote na wewe hukununua dawa ya kulisha jua. "Maji ni kitambaa cheupe, Saumu. Ukikichelewesha kufua, doa halitoki."

Halafu wakaja wanawake wa Alhamisi. Alianza jirani yetu Bi Zuhura mwenyewe, kwa jicho la udaku tu, akasimama nje ya uzio akikutazama unavyozunguka. Wiki iliyofuata alikuwa ndani ya maji na dera lake limevimba, na kwa ufupi wake ule maji yalimfika kidevuni, anatembea kwa ncha za vidole huku anakusema wewe kwa kupima bwawa bila kumfikiria. Akaja Mama Neema wa nyumba ya kona, ambaye alishika bomba kwa mikono miwili mwezi mzima. Wakaja na wengine, kila mmoja na goti lake au mgongo wake. Baada ya swala ya alasiri mnazunguka, mnaongea. Nikirudi kazini nawasikia tangu njiani. Mama, sikujua kwamba ile sauti ndiyo iliyokuwa inaniambia nimefika nyumbani.

Kisha presha ikakuchukua. Niliaga asubuhi nikakuacha na wavu mkononi, na kabla ya adhuhuri nikapigiwa simu. Sitaki kuiandika siku ile. Bi Zuhura ndiye aliyekuosha. Alitoka mle chumbani akaniambia magoti yako yalikuwa yamelainika, yamenyooka bila shida. Mtu mwingine angesema neno la dini. Yeye alisema hilo, na ndilo lililonishika.

Msiba ulijaa. Turubai lilianzia barazani likafika kwenye uzio, na mikeka haikutosha. Siku ya pili bomba la mtaani likakauka, na kisima, unakijua, chai yake hainyweki na sabuni yake haitoi povu. Wapishi wakakosa maji ya kuoshea masufuria, vyooni hapaingiliki. Bi Zuhura akaja akaninong'oneza niwape ufunguo, wachote bwawani. Nikauvua nikampa. Wakajipanga na ndoo, wanawake wako walewale, wakachota wakioshea sahani, wakimwaga vyooni, na maji yakawa yanashuka kidato kwa kidato. Nilitazama nikaona sawa. Nilijisemea kwamba umewahudumia wageni wako wa mwisho wewe mwenyewe.

Tulipoanua tanga, Mjomba Shabani akaamuru yaliyobaki yanyonywe yote, watoto waliojaa nyumbani wasije wakatumbukia. Wazo zuri, na hakuna aliyembishia. Hata mimi sikumbishia, nilikuwa sina nguvu ya kubisha na kuku. Wewe peke yako ndiye ungesema bwawa halikai tupu masika. Mvua zikaja. Ardhi yetu hii ikanywa ikashiba, na maji ya chini, kwa kuwa hapakuwa na maji ya juu ya kuyakandamiza, yakaisukuma sakafu. Asubuhi moja nikakuta vigae vimeinuka katikati, vimepasuka, na ufa umetambaa kutoka kwenye vidato mpaka ukuta wa pili. Nilikaa chini palepale kwenye matope. Siku ya kukuzika sikulia kama nilivyolia siku ile.

Arobaini yako ilisomwa vizuri. Watu walipotawanyika, Mjomba akatuita ndugu kwenye mkeka. Akasema lile shimo lifukiwe. Aliliita shimo, Mama. Akasema ameshaongea na mtu mwenye lori, Jumamosi analeta kifusi, na pale patatoka vyumba vizuri vya kupangisha. Nikamwambia Mama alilipenda. Akajibu kwa upole kabisa, na huo upole wake ndio ulionichoma: "Najua, mwanangu. Lakini asiyekuwapo na lake halipo." Nikasema litengenezwe. Akaniuliza, "Kwa ajili ya nani?"

Unanijua mimi, mdomo wangu haujawahi kulala njaa, uliniambia hivyo tangu utotoni. Siku hiyo ulilala. Ningesema kwa ajili yangu, lakini tangu ufe nilikuwa sijafungua lile geti isipokuwa kuokota majani, na hata majani nilishaacha. Madimbwi ya mvua yaliota ukijani, vyura wakahamia. Ndugu wakatazamana, kikao kikaisha hivyo.

Alhamisi Mjomba alikuja kupima atakapogeuzia lori. Tulikuwa tumesimama yeye na mimi ndani ya uzio, mara nikasikia sauti njiani. Zile sauti. Nikageuka kana kwamba nitakuona.

Alikuwa Bi Zuhura mbele, Mama Neema nyuma yake, na wengine wote kwa mstari, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani. Wametoka nayo majumbani kwao. Hawakubisha hodi. Bi Zuhura akamwamkia Mjomba, akanipita, akashuka vidato mpaka chini na magoti yake yale, akamimina. Akafuata Mama Neema, safari hii bila kushika bomba.

Nikawaambia jamani mnapoteza maji, kuna ufa, linavuja. Na kweli lilikuwa linavuja, maji yalifika katikati yakazama mbele ya macho yetu. Bi Zuhura akasimama mle chini, mikono kiunoni, akaniangalia kwa jicho lako hasa. "Tulikopa maji kwenye msiba, na mwenyewe hakuwapo wa kumwambia asante. Sie tunarudisha. Livuje, lisivuje, deni letu limekwisha. Huo ufa ni wako na mjomba wako."

Wakamimina mpaka ndoo ya mwisho. Wakatandika khanga ukingoni, wakakaa, wakaanza maongezi yao kama kawaida, miguu inaning'inia ndani ya bwawa kavu. Mama, nilicheka na machozi yananitoka, sikujua lipi nilizuie.

Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kaka yako ni jiwe, ila jiwe hilo halijawahi kulala na deni la mtu. Mjomba alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akatoa simu, akapiga palepale mbele yetu. "Bwana, ile safari ya Jumamosi ipo. Ila kifusi acha. Niletee mchanga na saruji." Akakata, akaniambia bila kunitazama kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba yeye ana umri wa kuziba nyufa tu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulikopa kwenye matanga, na siku ya kulipa, wallahi, palikuwa na harufu ya harusi.

Sakafu imetengenezwa. Tumeacha ikauke kama inavyotakiwa, vigae vimerudishwa, vingine havifanani rangi na vya zamani na utaviona tu wewe. Fundi aliniuliza maji yaishie wapi. Nikachukua futi yako ukutani, nikamwonyesha. Boza limeleta maji. Nimepima kwenye kichupa, nimeinua kwenye mwanga, na nilikosea mara mbili, lakini sasa yako safi, ninakiona kivuli cha mwarobaini mpaka chini. Klorini natia jua likishazama. Vyura wamehama wakiwa na kinyongo.

Jana niliingia. Kesho ni Alhamisi, sikutaka kuingia mara ya kwanza mbele za watu. Nilishika bomba, nikashuka vidato vyako vifupi, nikasimama katikati. Maji yakaniishia tumboni. Nilisahau kwamba nilishakupita urefu zamani. Nikasimama pale najiona mgeni, nimevaa nguo isiyo yangu. Kisha nikakunja magoti, polepole, mpaka maji yakanifika kifuani. Nikabaki hivyo, kwa kimo chako. Kutokea hapo uzio unaonekana mrefu, na ukingo uko karibu na macho, na dirisha la jikoni, ambako nilikuwa nasimama nikikuita uje kula, linaonekana vizuri kabisa. Kumbe siku zote ulikuwa unaniona.

Magoti yaliniuma nikashindwa kuendelea. Yako yaliuma miaka.

Nakuahidi, Mama. Bwawa halitakaa tupu masika. Geti litakuwa na kufuli, na kila Alhamisi baada ya alasiri litakuwa wazi, hata siku nitakayokuwa nimenuna. Bi Zuhura ameomba maji yapunguzwe kidogo, asiendelee kutembea kwa ncha za vidole. Nimemkatalia. Nimemwambia kipimo si changu, sina ruhusa ya kupunguza nguo ya mtu.

Pumzika sasa. Mungu akunyooshee huko kama ulivyokuwa umenyooka siku ya mwisho. Nainuka, jua limezama, na dawa haijatiwa.

Mwanao,
Saumu