Sala ya macho wazi

Furaha, mujukuu wangu,

Koko yako anakusalimia toka Rwambuzi. Mama yako iko muzuri, anauza makala ya kupikia kama kawaida. Ndugu zetu waliokimbia Djugu tunaishi nao hapa nyumbani. Mengine ya huku unayasikia, siyaandiki.

Umeniuliza tena kwa nini ninasali na macho wazi. Umesema pia kwamba kwenye meli unayofanya kazi watakufundisha kushusha mashua ya kuokoa watu. Tangu hapo usingizi imenikimbia.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye meli ya ziwa, kule Kasenyi. Mashua ya kuokoa ilining'inia kwa kulabu mbili, moja mbele, moja nyuma. Zinafunguliwa pamoja, mashua ikiisha kukaa juu ya maji. Lakini siye watu wa ziwa tulisali mbele ya kila kazi, na Amina njo ilikuwa ruhusa ya kuvuta wavu. Siku ya mazoezi tulisali tukiwa ndani ya mashua, tunashushwa. Tuliposema Amina, rafiki yangu Yakobo, aliyekaa mbele, akafungua kulabu yake, macho bado imefungwa. Maji ilikuwa mbali chini. Pua ya mashua ikaanguka, siye wote tukamwagika ziwani. Yakobo tulimutoa hai, lakini mukono yake haikupona tena.

"Nilisikia Amina," alisema tu.

Sali, mujukuu wangu, sikukatazi. Lakini mukono ikiwa kwenye kulabu, angalia maji kwanza. Siku ya mazoezi yako nitakaa karibu na simu. Weye ukinipigia, ndipo nitasema Amina.

Koko yako