Nondo Mwenye Chapa ya Ngamia Wetu

Hodan mjukuu wangu, asalaam aleikum. Sisi wazima, goti la mama yako limepona, na huku Sangailu mvua imenyesha vizuri.

Unauliza kama namjua yule nondo mdogo wa kijivu unayemsoma huko chuoni. Namjua sana! Wakati wa vita vya Shifta, sisi Wasomali sote tulipodhaniwa waasi, nilikuwa shuleni Garissa. Siku moja mwalimu wetu, mtu wa bara, alituokotea nondo waliokufa chini ya taa, tuwapange kwa aina. Wote wenye mistari miwili na nukta nikawaweka pamoja, maana hiyo ndiyo chapa ya ngamia wetu.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Abdi, chapa inaonyesha mwenye mali, si aina. Funua mabawa ya chini."

Nikafunua. Huyu mweusi, yule mwekundu, na huyo wako, wa manjano.

Jioni mwalimu alinisindikiza nyumbani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alinikazia macho, akamuuliza mwalimu, "Huyu ni wa upande gani?"

"Huyu ni mwanafunzi wangu," mwalimu akajibu. "Anasoma nondo."

Tukapita.

Basi, kabla hujamwandikia nondo au mtu jina, mfunue kwanza.

Awowe wako, Abdi