Uliza Kabla ya Kufagia

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila kazini maji yamenifika shingoni. Programu yetu ya kliniki imeandikwa kwa lugha mbili za kompyuta. Ya kwanza ina mfagiaji wake: kitu kisichoshikwa na mtu upande wake, anakizoa. Ya pili haina mfagiaji, kila mtu anatupa chake mwenyewe. Basi mimi nikaipa ya pili anwani, yaani mahali yalipowekwa majina ya wagonjwa upande wa kwanza, nikaendelea na mambo yangu. Mfagiaji akaona hayajashikwa, akazoa. Ile lugha ya pili kufika kwenye anwani, ikakuta vitu vya wengine, na mzee mmoja akaitwa chumba cha wajawazito. Bosi kanipa mpaka Ijumaa, la sivyo nitafute kazi nyingine. Baba hajambo?

Binti yako

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo afadhali. Pole, ingawa kwa kweli sioni kosa la huyo mfagiaji. Baba yako alikwenda kazi ya mbali mwezi mzima, kiti chake kikabaki sebuleni kinakula vumbi. Nikakigawa. Aliporudi akaingia anasoma gazeti, akaketi palepale anapoketi siku zote bila hata kugeuka. Palikuwa na beseni la nguo nilizoloweka. Nilicheka mpaka machozi, na hapo ndipo nilipokosea. Amehamia karakana ya baba yako mdogo, amenuna, na chakula changu hataki. Nyumba imepoa. Mwambie arudi, lakini usiseme nimekutuma.

Mama

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kazi nimeiokoa! Sasa kabla ya kutoa anwani namwambia mfagiaji: hiki kimeshikwa, usikiguse wala usikisogeze. Ile lugha ya pili ikimaliza inaniarifu, nami naachia. Nikisahau kuachia, vitu vinarundikana mpaka mashine inakwama, lakini angalau mzee haendi tena kujifungua. Baba nimempigia. Anarudi kwa sharti hilohilo: akisema kitu kimeshikwa, hukigusi. Na usimcheke.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako alirudi, na ameshika kila kitu: ndoo iliyotoboka, magazeti ya zamani, hata mlango ulioliwa na mchwa. Kuachia hajui. Sebuleni napita kwa ubavu. Juzi nikafoka, naye akafunga virago. Nilipomwona na begi lake, niliumia sana. Kufika mlangoni, viatu havioni. Nikamwambia vimeshikwa.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Utaviachia lini?"

Safari hii aliyeanza kucheka ni yeye. Sasa hivi yuko jikoni, peku, anamenya viazi. Hiyo sehemu ya kuachia, mwanangu, usinifundishe.

Mama