Mwenyeji Mmoja

Kishapu, 8 Februari 1955

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mafua yaliyonisumbua yamekwisha. Habari za Nyarugusu, na kifua chako? Bado wanakuweka kwenye pampu ya mgodi?

Baba, Mzungu wa maji pale bomani ameandika kijitabu cha historia ya malambo ya kunyweshea mifugo ya Shinyanga, nami nimepewa nikitie katika Kiswahili. Mabwana wote waliopima mito na kujenga matuta wametajwa kwa majina. Nikafika lambo la Mhunze, nikasoma: "Mwenyeji mmoja alionyesha namna ya kuzuia maji yasinywewe na ardhi." Nikaweka kalamu chini. Mwenyeji huyo ni Baba Mkubwa Nkwabi, kaka yako, tuliyemzika mwaka juzi. Nimeandika jina lake. Sasa nieleze alivyofanya, niongeze na hayo. Mimi nilikuwa mdogo.

Binti yako,
Zipora

Nyarugusu, 27 Februari 1955

Mwanangu Zipora,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima. Kifua kinakohoa asubuhi, mchana kinasahau. Kazi ni ile ile: ninyi huko mnayatafuta maji, sisi huku tunayafukuza.

Jina la kaka yangu lifute. Hujui kwamba lambo la Mhunze lilikuwa la pili. La kwanza alilichimba penye mchanga. Tulimwambia, akatuita wajinga. Watu wakahamishia mifugo kando yake, wakaacha visima vyao vikajaa matope. Kiangazi hakijaisha, ardhi ikayanywa maji yote. Ng'ombe walikufa wamelala kwenye tope, na kaka akapigwa mawe sokoni. Ukimtaja, yupo atakayeuliza habari za ng'ombe wale. Mwache apumzike kama mwenyeji mmoja. Ukoo wetu umeshasemwa vya kutosha.

Baba yako,
Maganga

Kishapu, 15 Machi 1955

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hatujambo sote, na pamba imesimama vizuri.

Sikulifuta. Nimeongeza na ng'ombe.

Humo kijitabuni yumo Bwana mmoja ambaye tuta lake lilibomoka likaondoka na mashamba ya watu. Hilo limeitwa jaribio. Kwa nini la kwao liwe jaribio na letu liwe aibu? Nimelifikiri mpaka wanafunzi wananiita mara mbili ndipo nasikia.

Jumamosi nilikwenda Mhunze kwa Mayu Mageni, ambaye watu wameniambia ndiye aliyepoteza karibu zizi zima. Niliogopa kumtaja Nkwabi. Yeye akacheka mpaka akashika ubavu.

"Huyo? Aliniulia ng'ombe, halafu akarudi kuniomba waliobaki."

"Ukampa?"

"Ningefanyaje? Hakutoka mlangoni. Akamwaga udongo wa mfinyanzi shimoni, akaulowesha, akawaswaga ng'ombe wangu humo, huku na huku, wakaukanyaga mpaka shimo likawa kama ndani ya chungu. Nikamwambia, Nkwabi, safari hii wakifa nakuzika humo humo."

"Akasemaje?"

"Eti, 'Chimba tu, Mayu, ila maji utayakuta yamekutangulia.'"

Baba, mtu amekosea, akatafuta sababu ya kosa lake, akajaribu tena mbele ya waliompiga mawe. Kama huyo si mtaalamu, nani mtaalamu?

Binti yako,
Zipora

Kishapu, 2 Juni 1955

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hujanijibu tangu Machi. Naomba Mungu uwe mzima.

Kijitabu kimechapwa, na bomani wamelifuta jina wakamrudisha "mwenyeji mmoja" mahali pake. Basi nikaingia darasani nikatoa imla. Wasichana wangu wote wameandika: "Bwana Nkwabi alikuwa mtaalamu wa maji wa Mhunze. Lambo lake la kwanza lilikauka. Mwanamke mmoja alimpa ng'ombe, na kwa kwato zao lambo la pili likashika maji." Wameipeleka nyumbani, wakawasomea wazazi wao.

Mkaguzi wa shule akaiona. "Mtaalamu ni mwenye cheti, Mwalimu."

"Maji hayakumwomba cheti, Bwana."

Anataka niandike barua ya kuomba radhi, atakuja kuichukua siku ya kufunga shule. Nisipoandika, naacha ualimu. Siandiki. Lakini huyu ni kaka yako kabla ya kuwa mtu wangu, na inaniuma kumsimamia peke yangu.

Binti yako,
Zipora

Nyarugusu, 19 Juni 1955

Mwanangu Zipora,

Marahaba. Mimi mzima. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa imekwisha.

Imla yako ina makosa. "Mwanamke mmoja" ndiye nani? Ng'ombe wale walikuwa na mwenyewe, naye ana jina kama kaka yangu. Umemfanyia Mageni lile lile ulilolikataa.

Tena, hukuandika udongo ulitoka wapi. Ulitoka kwenye vichuguu. Kabla ya hapo kaka alijaribu wa mtoni na wa mbugani. Alifinyanga vibakuli, akavijaza maji, akavikalia mchana kutwa kama kuku anayeatamia, aone kipi kitavuja. Tulimcheka sana. Andika na hilo. Historia nusu siitaki.

Barua ya radhi usiiandike. Nimemwambia msimamizi naenda nyumbani. Akasema nikiondoka, pampu atapewa mwingine. Nikamwambia ampe. Nitapitia Mhunze kumchukua Mageni na wengine wanaonywesha mifugo katika lambo lile. Siku ya mkaguzi tutakuwa darasani kwako. Waambie wasichana wasisimame kutupisha viti. Tutakaa sakafuni, na hatutoki mpaka mkaguzi aandike jina la kaka yangu na la Mageni.

Baba yako,
Maganga