Aya Tisa Bila Jina

Jumatatu, 3 Machi

Lori saba kabla ya saa nne. Vumbi la timbo limeingia mpaka kwa chai. Kati ya lori moja na nyingine nafungua laptopu hapa langoni na kurudi kwa mzee wangu, yule mfalme wa Ulaya wa karne ya kumi na tatu. Makala yake kwa kamusi elezo ya mtandaoni ni aibu. Aliyeandika alikuwa na haraka. Vita, ndoa, vita, kifo, sentensi moja ndefu kama foleni ya malori pale Mlolongo. Wiki ya tatu hii nainyoosha lugha yake. Hakuna aliyenituma. Ikipita ukaguzi Ijumaa, itawekwa ukurasa wa kwanza.

Sein amepiga simu. Wasifu wa mama yake uko wapi? Ibada ya ukumbusho ni Jumamosi, kanisani Isinya. Mwaka umeisha tangu tumzike. Mwenye kuchapisha anataka ukurasa mmoja kufikia Alhamisi. Nimemwambia binti yangu naandika. Uongo. Sijaandika neno.

Jumanne, 4 Machi

Nimepunguza vita, nimeongeza utoto. Sasa mzee anasomeka: mtoto aliyefukuzwa na baba zake wadogo, akarudi na jeshi la kuazima. Nimefurahi mpaka dereva mmoja akaniuliza kama nimeshinda beti ya mpira.

Kisha wasifu. Nimeandika, "Mama Sein alizaliwa". Nikafuta. Nikainuka, nikazunguka kibanda mara mbili. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nimerudi kwa mfalme. Huyo hanisumbui.

Jumatano, 5 Machi

Mkaguzi amejibu. Anajiita Kalamu Nyekundu. Sijui ni mwanamume ama mwanamke, sijui anaishi wapi. Amesifu lugha. Halafu: "Baada ya mfalme kufa, jina lake halionekani tena hata mara moja. Aya tisa. Mbona umemficha?"

Nimewaka. Nimemficha? Mimi, niliyekaa na huyu mzee wiki tatu nikimpanguza vumbi? Nimeanza kuandika jibu kali, halafu nikafungua makala nimwonyeshe ni mwongo.

Si mwongo. Kabla ya kifo, jina liko kila aya. Baada ya kifo ni "marehemu", ni "baba yao", ni "yule aliyewaachia kiti". Wana watatu wanapigania ufalme na huwezi kujua anayesemwa ni baba ama ni mmoja wao. Hata mimi nimepotea.

Najua imetoka wapi. Kwetu Wamaasai jina la aliyekufa halikutajwa. Mama alinichapa nikiwa na miaka sita kwa kuita jina la shangazi aliyezikwa. Siku hizi wengi wameacha, kanisani wanayataja kwa kipaza sauti. Nilidhani na mimi nimeacha. Kumbe nimempa mzungu aliyekufa karne hizo zote heshima ya nyumbani kwetu. Nimecheka peke yangu hapa kibandani.

Halafu sikucheka tena. Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili. Mwaka mzima. Mama Sein. Mama yenu. Yule. Hakuna mahali nimemwandika jina.

Alhamisi, 6 Machi

Sein amekuja mwenyewe mpaka timbo, na boda boda, mtoto mgongoni. Ameleta karatasi za ibada. Picha ya mama yake, nyimbo, maombi, halafu ukurasa mmoja mweupe. Nimemwelezea juu ya mfalme. Sijui kwa nini nilianza na mfalme. Amesikiliza mpaka mwisho, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

"Baba, huyu mtoto ataniuliza kokoo wake, nyanya yake, alikuwa anaitwa nani. Nimwambie Mama Sein? Hiyo ni jina yangu."

Nimemwambia atapata wasifu kesho asubuhi. Amesema mwenye kuchapisha atangoja mpaka saa nne, baada ya hapo ukurasa utabaki mweupe hivyo. Ameondoka bila chai.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Siogopi mila. Naogopa nikilitaja jina lake ndiyo nimekubali ameenda. Bado namwekea kikombe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika kazini saa kumi na mbili na nusu. Nimeanza na mzee. Aya ya kwanza baada ya kifo, jina. Ya pili, jina. Mpaka ya tisa. Nimetuma. Hakuna kilichotokea. Lori ilikuja, nikafungua lango.

Kisha nimeandika wasifu bila kuinuka. Ukurasa mmoja na nusu. Sein atapunguza, ama asipunguze. Nimemtumia saa nne kasoro dakika chache. Amejibu kwa neno moja: "Asante."

Mchana Kalamu Nyekundu ameandika: "Sasa namjua." Makala imepita. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerudi kutoka Isinya. Mchungaji alitaka kusoma, nikamwambia nitasoma mwenyewe. Nilipofika kwa jina, dada yangu mkubwa aliinamisha kichwa. Baadaye alinishika mkono, tukatembea naye hivyo mpaka kwa gari. Mtoto wa Sein alilala ibada yote.

Mvua bado haijaja. Nimechemsha chai, kikombe kimoja.

Alikuwa anaitwa Nasieku. Alikunywa chai bila sukari, na hakupenda nikichelewa.