Aliyesimama Mbele ya Taa

Mpendwa Wambui,

Natumaini baridi ya huko haijakushinda. Hapa Dagoretti tu wazima. Mamako amenunua simu ya mkono, sasa anapiga kelele mpaka majirani wanaitikia. Goti langu tusiliongelee.

Umeuliza kwa nini ile pinboli ya sebuleni, mashine ya mchezo wa gololi na taa, bado haiwaki, na mimi ni fundi.

Nilipokuwa kijana niliitengeneza kwenye ukumbi wa michezo mjini. Cucu yako, bibi uliyerithi jina lake, alikuwa mpishi pale. Taa za mashine hiyo zilikuwa zinazimika zinavyotaka, na bodi ya umeme ya ndani ukiitazama haina kasoro. Nikamwomba mwiko, maana mti mkavu haupitishi umeme. Akanitazama kama mwizi, lakini akanipa. Nikaingia nyuma, nikawa nagonga bodi polepole kwa mpini, naye akasimama mbele akitazama taa.

"Imewaka," akasema. "Imezima. Rudi hapo ulipotoka."

Hapo tukapata lehemu yenye ufa mwembamba kama unywele. Ugali wa watu uliungua siku hiyo. Ukumbi ulipofungwa, tulikuwa tumeoana, tukaibeba mashine nyumbani.

Ufa wa sasa si mgumu kuuziba. Ila aliye nyuma haoni taa. Tangu tumzike cucu yako nimejaribu mara moja. Niligonga, nikauliza, "Imewaka?" Nikaurudisha mwiko kwenye sanduku la vifaa.

Ukija Krismasi, simama mbele. Nitaita, "Wambui, imewaka?" Wewe nijibu tu.

Babu yako, Guka