Wale Waliolala Kwenye Meli

Endasak, Hanang,
Manyara.
18 Machi 2025

Mpendwa shemeji Natalia,

Shikamoo. Habari za Tunduru? Shemeji Sebastiani hajambo, na watoto? Ulisema mguu unauma, umepona? Sisi huku kwa afya tu wazima. Mvua ipo, mahindi yameota vizuri. Mimi napalilia mashamba ya watu kule Masakta, nikitoka huko ndiyo naangalia la kwangu.

Nimeandika barua kwa sababu haya kwenye simu siyawezi. Nikianza nakwama. Unisamehe mwandiko.

Shemeji, naogopa. Ni mwanetu Glory.

Unaikumbuka ile tamthilia ya meli ya angani aliyoipenda marehemu mke wangu Hilda, mdogo wako? Tuliifuata miaka na miaka pale kwenye kibanda cha video cha Sylvester, kila Jumapili tukitoka kanisani. Wale watu mia moja wamelala kwenye masanduku ya vioo, meli inakwenda, wanangoja ifike waamshwe. Hilda alikuwa anasema siku wakiamka atachinja kuku. Iliisha hawajaamka.

Sasa wametoa nyingine, imetokana na ile ile. Glory alihesabu siku. Jumapili ya tarehe tisa tukaenda. Kibanda kilijaa, wengine wamekalia ndoo. Shemeji, ni takataka. Nahodha wetu hayupo. Kuna vijana wamevaa vizuri, wamekaa mezani wanaongea, wanaongea. Meli yenyewe haiendi. Halafu wanafungua yale masanduku. Wote wamekufa. Daktari wao anasema hewa iliwaishia zamani, walicheleweshwa kufunguliwa. Basi. Miaka yote tuliyowangoja imeishia hapo, na wao wakarudi mezani kuongea.

Watu walikasirika. Mzee Hermani akapiga kelele, "Sylvester, zima hiyo mikutano, ya kijiji inatutosha!" Sylvester naye, "Kwani mzee mimi ndiye nimewaua? Kaa chini!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Glory hakucheka. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Shemeji, siku ya msiba wewe ulimwambia Glory kwamba mama yake amelala kama wale wa kwenye meli. Sikulaumu. Alikuwa na miaka sita, analia, hata mimi nilishukuru. Nilijua atakua, atasahau. Hakusahau.

Alhamisi mvua ilitukatiza kazi, saa sita nikarudi. Nyumbani kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Glory yuko kwenye kaburi la mama yake na jembe langu. Mawe ameshayatoa yote, ameyapanga pembeni. Shimo limemfika mapajani. Udongo umelowa, kingo zinamwangukia, yeye anachimba tu. Nikamwita, hakuacha. Akasema, "Baba njoo unisaidie, tumechelewa."

Nilimvuta kwa nguvu. Aliniuma mkono, alama ipo mpaka leo. Nikakaa kwenye tope naye nimemshika.

Nimefukia. Jembe nimelificha kwa jirani yetu Benedikta, na Glory namwachia yeye nikienda kibaruani. Lakini juzi Benedikta alienda kuchota maji, kurudi akamkuta anachimba na mfuniko wa sufuria. Anakwenda palepale. Mimi nikiwa shambani kila nikiinama naona udongo umemfunika. Mchana narudi mbio kumwangalia. Mwenye shamba ameshanisema mara mbili.

Nimemwambia ukweli. Nilimkalisha nikamwambia, mama yako amekufa, hajalala, mama mkubwa alikubembeleza tu. Akaniangalia. Akauliza, "Wewe ulimgusa?"

Shemeji, sikumgusa. Aliletwa kutoka hospitali amefunikwa. Nyie wanawake mkamwingiza ndani, mimi niko nje na wanaume. Wakati wa kuaga nilipita, machozi yamejaa, sura sikuiona. Nilitupa udongo kama wengine. Tangu mtoto aniulize hilo na mimi nimeingiwa na shaka. Nikipita pale kaburini natembea haraka haraka. Naogopa nikisimama nitaanza kusikiliza.

Wewe ndiye ulimwosha. Njoo. Usingoje palizi iishe, usingoje shule zifunge. Mkalishe Glory umwambie ulimwosha kwa mikono yako, uso, miguu, nywele. Mwambie alikuwa wa baridi na hapumui. Usimpunguzie hata kidogo. Na mimi nitakaa hapo hapo nisikie.

Msalimie sana Sebastiani, na Modest na Loveness waambie baba mdogo anawakumbuka. Benedikta anakusalimu. Glory sijamwambia kwamba nakuandikia, maana ukichelewa atasema na wewe umekufa. Mungu akulinde njiani, akufikishe mapema.

Ni mimi shemeji yako, nakupenda na nakungoja,
Felician Margwe